INAGAWANYIKA, HAIJAGAWANYWA: UHAKIKI WA MASIMULIZI YA NAMBA 2⁶⁷ − 1

0. UTANGULIZI

Miongoni mwa visa vinavyosimuliwa sana katika historia ya hisabati, kimo kisa cha mtu aliyetoa hotuba bila kutamka neno. Mtu huyo ni Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani, zamu yake ilipofika alikwenda ubaoni, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1, akapata namba ya tarakimu 21. Kisha akahamia sehemu ya ubao iliyokuwa tupu, akaandika namba mbili nyingine, akazizidisha hatua kwa hatua. Majibu yakalingana. Akarudi kitini kimya, na wasikilizaji wakampigia makofi. Hakuna aliyeuliza swali.

Kisa hiki ni kitamu, na utamu wake unabeba dai. Msomaji huondoka akiamini kwamba namba hujisemea zenyewe, kwamba hisabati haihitaji lugha, na kwa hiyo si kitu kama inafundishwa kwa lugha hii au ile. Dai hilo lina uzito wa pekee nchini Kongo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mwanafunzi anayekisema nyumbani hukutana na sehemu kubwa ya hisabati kwa Kifaransa. Akiambiwa kwamba hisabati haina lugha, huwa ameambiwa pia kwamba lugha yake haina kazi humo.

Makala haya yanakusudia kukihakiki kisa hicho na dai lake kwa kuipitia namba yenyewe: ilivyodhaniwa, ilivyothibitishwa, ilivyochanganuliwa. Itaonekana kwamba kimya cha Cole kilitosha kwa jambo moja tu kati ya mambo mengi yanayojulikana juu ya namba hiyo, na kwamba jambo lililo gumu kuliko yote humo husemwa na sarufi ya Kiswahili kwa maneno machache.

1. KISA NA MSIMULIAJI WAKE

Mhakiki huanza kwa kuuliza nani anasimulia, na kutoka umbali gani. Aliyekieneza kisa hiki ni Eric Temple Bell, mwanahisabati na mwandishi, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu hisabati kama malkia na mtumishi wa sayansi. Kati ya mkutano na kitabu ilipita miaka 48, na Cole mwenyewe alikuwa amefariki tangu mwaka 1926. Bell alikuwa hodari wa kusimulia. Kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya maisha ya wanahisabati kiliwavuta vijana wengi kwenye somo hilo, lakini wanahistoria waliokuja baadaye walionyesha kwamba mara kadhaa aliyapamba matukio ili hadithi ipendeze. Haifuati kwamba kisa cha Cole ni cha uongo. Inafuata kwamba kisomwe kama masimulizi, chenye fani yake na maudhui yake.

Kwa upande wa fani, kisa kimejengwa kwa ustadi. Mandhari ni ukumbi mmoja na ubao mmoja. Mhusika ni mmoja, na hana tabia yoyote isipokuwa kimya chake. Taharuki inakua kadiri tarakimu zinavyoongezeka, na inafikia kilele pale majibu mawili yanapolingana. Baadaye, kwa mujibu wa Bell, Cole aliulizwa ametumia muda gani kuvipata vigawo hivyo, akajibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu. Wasikilizaji wa hadithi za Kiswahili wanamjua mhusika wa namna hii: mtu mnyamavu anayedharauliwa katika baraza, kisha akaja na kitu mkononi wote wakanyamaza. Methali husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kisa cha Bell kinaweza kusomwa kama ufafanuzi wa methali hiyo.

Kasoro iko kwenye kile ambacho fani hiyo inakificha. Cole alichapisha makala katika jarida la chama hicho mwaka huohuo wa 1903, kuhusu namna ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Makala hayo yana maneno. Yanaeleza njia aliyoifuata, sababu zake na hatua zake. Kwa hiyo hotuba ya kimya ilikuwa nusu ya kazi, nayo ni ile nusu iliyoweza kukaguliwa kwa macho. Nusu ya pili ilihitaji sentensi, na Bell aliiacha nje ya hadithi kwa sababu ingeiharibu taharuki.

2. NAMBA YENYEWE

Namba inayozungumzwa ni 147 573 952 589 676 412 927. Hupatikana kwa kuizidisha 2 kwa yenyewe hadi kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Katika hesabu ya tarakimu mbili tu, 0 na 1, ile inayotumiwa na kompyuta, namba hii huandikwa kwa 1 zilizopangwa 67 mfululizo, bila 0 hata moja. Umbo lake ni rahisi kulieleza, na urahisi huo ndio uliowadanganya watu.

Namba za umbo hili zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeandika mwaka 1644 kwamba, kwa vipeo visivyozidi 257, namba za aina hii ni tasa pale tu kipeo kinapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257. Namba tasa, kama inavyofahamika katika vitabu vya hesabu vya Tanzania, ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwi tasa: 2⁶ − 1 ni 63, nayo inagawanyika kwa 2² − 1, yaani 3, na kwa 2³ − 1, yaani 7. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. Mfano mdogo kabisa ni 2¹¹ − 1, yaani 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Orodha ya Mersenne ilikuwa na makosa matano. Iliingiza 67 na 257 zisizostahili, ikaacha 61, 89 na 107 zilizostahili. Ukaguzi wa orodha yote ulikamilika mwaka 1947, miaka 303 baada ya kuandikwa. Wengine wamedhani kwamba 67 ilikuwa kosa la kuchapa mahali pa 61. Ikiwa ndivyo, tarakimu moja iliyogeuka iliwapa kazi watu wa karne tatu.

Vigawo ambavyo Cole aliviandika ubaoni ni 193 707 721 na 761 838 257 287. Vyote viwili ni tasa. Msomaji anaweza kuvipima kwa njia ambayo watoto wa shule huijua, ya kujumlisha tarakimu. Tarakimu za kigawo cha kwanza hujumlika kuwa 37, kisha 10, kisha 1. Za kigawo cha pili hujumlika kuwa 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni 1. Tarakimu za namba kubwa hujumlika kuwa 109, kisha 10, kisha 1. Hesabu inaafikiana. Hata hivyo kipimo hiki kinaweza kumkamata mwongo tu, hakiwezi kumthibitisha mkweli: maelfu ya jozi nyingine za namba zingekipita. Uthibitisho kamili ni kuzidisha kwenyewe, tarakimu 9 kwa tarakimu 12, yaani mazidisho madogo 108 na kujumlisha kwake. Mtu mwenye chaki na subira huyamaliza kabla ya saa moja. Hapo kimya kinatosha.

Kimya hakitoshi pale msomaji anapouliza vigawo hivyo vilipatikanaje. Ipo kanuni kwamba kila kigawo tasa cha 2⁶⁷ − 1 lazima kiwe 134 mara namba fulani, kuongeza 1; na kwamba kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Vigawo vya Cole vinaitii kanuni hiyo: cha kwanza ni 134 mara 1 445 580, kuongeza 1, nacho hubakiza 1 kikigawanywa kwa 8, cha pili ni 134 mara 5 685 360 129, kuongeza 1, nacho hubakiza 7. Kanuni hii inapunguza mno uwanja wa kutafuta. Lakini hata baada ya kupunguzwa, mtu anayeanza chini na kujaribu kila namba inayokubaliwa na masharti hayo mawili angelijaribu namba 722 789 kabla ya kukifikia kigawo cha kwanza. Zikigawanywa kwa Jumapili 156 za miaka mitatu, ni zaidi ya 4 600 kila Jumapili. Hata akiondoa kwanza zile zisizo tasa, zingebaki makumi ya maelfu. Basi Cole hakuwa mtu aliyejaribu tu hadi akabahatika. Alitumia mabaki ya vipeo vya pili kuchuja namba zisizowezekana, akaziacha chache za kujaribiwa. Uchujaji huo ni hoja yenye «ikiwa», «basi» na «kwa sababu», na hoja ya namna hiyo haiandikiki ubaoni kwa tarakimu peke yake.

3. KATI YA 1876 NA 1903

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote katika historia ya namba hii haimo katika kisa cha Bell kwa uzito unaoistahili. Mwaka 1876 mwanahisabati wa Kifaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Hakuonyesha kigawo hata kimoja. Kwa miaka 27 ilijulikana kwa yakini kwamba namba hii ina vigawo, na hakuna mtu duniani aliyevijua.

Wanafunzi wengi huona jambo hilo kama kiini macho. Kujua kwamba nyumba ina watu huku hakuna aliyeonekana wala kusikika, yawezekanaje? Kipimo cha Lucas, kama kilivyonyoshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, kinaweza kuelezwa hivi. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoichunguza na ushike baki tu. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, gawanya, ushike baki. Rudia mara kadhaa, idadi ya kurudia ikiwa ni kipeo kasoro 2. Mwisho ukipata 0, namba ni tasa. Usipopata 0, si tasa.

Chukua 2⁷ − 1, yaani 127. Kipeo ni 7, kwa hiyo hatua ni 5. Kutoka 4 unapata 14, kisha 67, kisha 42, kisha 111, kisha 0. Namba 127 ni tasa. Chukua sasa 2047, ambayo kipeo chake ni 11, kwa hiyo hatua ni 9. Kutoka 4 unapata 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na mwisho 1736. Si 0. Namba 2047 si tasa, na katika safari yote 23 na 89 hazikujitokeza mahali popote. Kipimo kimetoa hukumu bila kumwita shahidi. Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua ni 65, na kila hatua inashughulikia namba za hadi tarakimu 21.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapokuwa na la kusema. Hali ya namba hii kati ya 1876 na 1903 inaelezeka kwa Kiswahili hivi: inagawanyika, lakini haijagawanywa.

Sentensi hiyo ina maneno matatu tu, na kila kiambishi kina kazi. Kauli ya kutendeka, yenye -ik-, inataja uwezekano ulio katika kitu chenyewe, bila kumtaja mtendaji wala kumhitaji. Kauli ya kutendwa, yenye -w-, inaleta kivuli cha mtendaji hata asipotajwa: kilichogawanywa kimegawanywa na mtu. Lucas alithibitisha lililo katika kauli ya kwanza, Cole akatimiza lililo katika kauli ya pili. Tena kiambishi -ja- kinatofautisha «haijagawanywa» na «haikugawanywa». La pili linafunga mlango juu ya wakati uliopita; la kwanza linauacha wazi, kwa kuwa jambo bado halijatokea ila linaweza kutokea kesho. Tarehe 31 Oktoba 1903 ndiyo iliyoigeuza «haijagawanywa» kuwa «imegawanywa», na «inagawanyika» ikabaki pale pale, maana ilikuwa kweli tangu zamani, kabla ya Mersenne na kabla ya mtu yeyote kuhesabu.

Haki inadai kutaja pia udhaifu wa kauli hiyo. Kiambishi -ik- kina nyuso mbili. «Kikombe kinavunjika» kinataja uwezekano, «kikombe kimevunjika» kinataja hali iliyokwisha kutokea. Kwa hiyo mwalimu akiandika «namba imegawanyika», msomaji hatajua kama anasema habari ya Lucas au ya Cole. Aidha kila namba hugawanyika kwa kila namba nyingine ikiwa baki linaruhusiwa, kwa hiyo maneno «bila baki» hayana budi kuandikwa mara ya kwanza. Udhaifu huu hauondolewi kwa kukimbilia lugha nyingine. Huondolewa kwa kuandika kwa uangalifu: -na- kwa uwezekano, -me- pamoja na -w- kwa kazi iliyokwisha.

Mtu anaweza kupinga kwamba Kifaransa nacho kina njia zake za kutenganisha kinachowezekana na kilichofanyika. Ni kweli, na makala haya hayadai ubora wa lugha moja juu ya nyingine. Yanadai jambo dogo zaidi: kwamba jambo hili husemwa, halichorwi, na kwamba anayelisema kwa Kiswahili analisema kamili.

4. ISTILAHI NA MITEGO YAKE

Sarufi imefaulu. Msamiati una matatizo, na ni vema yatajwe bila kuficha.

Tatizo la kwanza ni neno «tasa» lenyewe. Katika maisha, tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa, na ni neno linaloumiza. Waliolipeleka katika hisabati waliitazama namba kwa upande wa kugawanya: namba isiyotoa vigawo ni kama tumbo lisilotoa mtoto. Picha hiyo ina mantiki yake, na inaisimulia vizuri historia ya 2⁶⁷ − 1, iliyoitwa tasa kwa miaka 232 bila kupimwa, kwa neno la mtu mmoja tu mwenye heshima. Lakini ukiitazama kwa upande wa kuzidisha, picha inapinduka. Kila namba kubwa kuliko 1 ni tasa yenyewe au imezaliwa na namba tasa kwa kuzidishwa, tena kwa njia moja tu. Namba 193 707 721 na 761 838 257 287 ndizo zilizoizaa ile namba kubwa. Wanaoitwa tasa ndio wazazi wa wote. Mwalimu anayetumia neno hili hana budi kuwaambia wanafunzi kwamba linataja mwelekeo mmoja, la sivyo picha itawapotosha watakapofika kwenye kuzidisha.

Tatizo la pili linahusu Kongo moja kwa moja. Mwanafunzi aliyejifunza kwa Kifaransa, anapojaribu kusema jambo hili kwa Kiswahili, huweza kutafsiri neno kwa neno akapata «namba ya kwanza». Jina hilo halifai. Namba ya kwanza kwa msikilizaji yeyote ni 1, na 1 haihesabiwi kuwa tasa. Neno «tasa», pamoja na mapungufu yake, halileti mkanganyiko huo. Vivyo hivyo «shufwa» na «witiri», maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo Waislamu wanayajua pia kutokana na ibada, yanatenganisha namba zinazogawanyika kwa 2 na zisizogawanyika bila kuhitaji maelezo marefu. Si lazima kila istilahi itungwe upya Lubumbashi au Bukavu. Nyingi zipo, zinangoja kufundishwa.

Namba iliyo kinyume cha tasa iitweje? Baadhi huridhika na «namba isiyo tasa». Jina hilo ni la kukanusha tu, linasema namba haiko upande ule. Lakini historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba kukanusha huko kuna manufaa. Kile alichokijua Lucas kilikuwa kukanusha tupu: isiyo tasa. Alichokileta Cole kilikuwa kuthibitisha: yenye vigawo hivi na hivi. Pengine lugha ihifadhi majina yote mawili, «namba isiyo tasa» kwa ile iliyohukumiwa na kipimo, na «namba iliyochanganuliwa» kwa ile ambayo vigawo vyake vimewekwa mezani.

Tatizo la tatu ni kubwa zaidi kwa sababu halionekani. Namba 147 573 952 589 676 412 927 isomwe vipi kwa sauti? Msomaji wa Dar es Salaam huita milioni elfu moja bilioni, na bilioni elfu moja trilioni. Msomaji wa Lubumbashi, aliyezoea mfumo wa Kifaransa, huita milioni elfu moja miliari. Bilioni kwake ni milioni mara milioni, na trilioni ni kubwa zaidi tena. Kwa hiyo wa kwanza atasoma kwintilioni 147, kwadrilioni 573, trilioni 952, bilioni 589, milioni 676, elfu 412 na 927. Wa pili atasoma trilioni 147, biliari 573, bilioni 952, miliari 589, milioni 676, elfu 412 na 927. Neno «bilioni» la Lubumbashi ni mara elfu moja ya lile la Dar es Salaam. Neno «trilioni» ni mara milioni moja. Wote wawili wanasema Kiswahili.

Jambo hili linapita mipaka ya hisabati safi. Mwanafunzi wa uchumi anayesoma kwa Kiswahili bajeti ya nchi jirani anaweza kukosea mara elfu moja bila kugundua, kwa kuwa kila neno analijua. Wakati huohuo mtu asiyejua Kiswahili wala Kifaransa akizitazama tarakimu zenyewe hakosei. Hapa hadithi ya Bell inapata sehemu ya haki yake: tarakimu zilizoandikwa hazina mzozo. Lakini mzozo unarudi pale mtu anapofungua kinywa, na darasa ni mahali pa kufungua kinywa. Dawa mojawapo ni kusoma kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: fungu la kwanza ni mamoja, la pili ni maelfu, la tatu ni mamilioni, na kuendelea hadi la saba, ambalo katika namba hii ni 147. Anayesema «fungu la saba ni 147» anaeleweka Dar es Salaam na Lubumbashi sawasawa, kwa sababu hesabu ya mafungu haitegemei mfumo wa Kifaransa wala wa Kiingereza.

5. HITIMISHO

Kisa cha hotuba ya kimya kimeonekana kuwa cha kweli katika jambo moja: kuzidisha kunaweza kukaguliwa bila maneno. Kimeonekana kupotosha katika jambo la pili, kinapoacha msomaji aamini kwamba hapo ndipo hisabati inapoishia. Dai la Mersenne lilikuwa sentensi, tena sentensi yenye kosa. Uthibitisho wa Lucas ulikuwa hoja. Njia ya Cole ilikuwa hoja iliyochapishwa. Hata makofi ya ukumbini yalitoka kwa watu ambao walikuwa wameambiwa, kwa maneno, kwa nini namba hiyo ni muhimu.

Leo kompyuta ndogo huichanganua 2⁶⁷ − 1 kwa muda usiofikia sekunde moja, na mtu anaweza kudhani kwamba habari ya Lucas imezeeka. Haijazeeka. Usalama wa barua na fedha zinazopita katika mitambo ya mawasiliano umeegemezwa, tangu mfumo wa RSA ulipochapishwa mwaka 1978, juu ya namba ambazo kila mtu anajua kuwa si tasa na ambazo vigawo vyake vinajulikana kwa mwenye ufunguo peke yake. Namba ya tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto na waanzilishi wa mfumo huo mwaka 1977 ilichanganuliwa mwaka 1994 kwa msaada wa watu waliojitolea kompyuta zao katika nchi nyingi. Na katika ukoo wenyewe wa Mersenne, ipo 2¹²⁷⁷ − 1, namba ya tarakimu 385. Kipimo kilekile kinaihukumu kuwa si tasa. Hadi mwaka 2024 hakuna aliyekuwa amepata kigawo chake hata kimoja.

Kwa idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kongo, kazi inayofuata haina ugumu wa kutisha. Wanafunzi wa isimu na wanafunzi wa hisabati wakae pamoja, wachukue kipimo cha Lucas na mfano wa 2047, wauandike kwa Kiswahili kamili kwa ajili ya darasa la sekondari, kisha wausome mbele ya vijana wa umri huo na kuangalia wanakwama wapi. Wakikwama kwenye neno, neno libadilishwe. Wakikwama kwenye hoja, hoja ielezwe upya. Kuhusu 2¹²⁷⁷ − 1, sentensi ya kuanzia tayari ipo: inagawanyika, lakini haijagawanywa.